Je, faksi bado ina maana katika enzi ya simu za intaneti?

OFISI nyingi huligundua tatizo hili siku ya pili. Siku ya kwanza mafundi huja, hung'oa nyaya za simu za zamani, huunganisha simu mpya kwenye intaneti, na kila mtu husifu sauti safi na gharama iliyopungua. Siku ya pili karani huweka barua ya kurasa 12 kwenye mashine ya faksi na kubonyeza nambari. Mashine hulia, husita, hulia tena, kisha hutoa kijikaratasi kinachosema kuwa mawasiliano yamekatika katika ukurasa wa nne.

Fundi akiitwa, kwanza hupima kasi ya intaneti. Huikuta njema kabisa. Laini hiyo hiyo inayoweza kuleta filamu nzima kwa dakika chache imeshindwa kupitisha barua ya kawaida, na mwenye ofisi hubaki akijiuliza kama amedanganywa na aliyemuuzia simu mpya, au kama mashine yake imezeeka.

Mara nyingi si hili wala lile. Kasoro iko katika tofauti kati ya namna faksi inavyozungumza na namna simu ya intaneti inavyosikiliza, na asiyeielewa tofauti hiyo anaweza kununua mashine tatu mpya bila kupata nafuu. Makala haya yanaieleza tofauti hiyo, yanataja dawa zilizopo, na kuangalia iwapo ugonjwa wenyewe unastahili kutibiwa.

Makataa ya Uingereza

Swali hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu mataifa yaliyoizoea faksi kwa miongo mingi yanazima mitandao ya simu ambayo faksi iliundiwa. Nchini Uingereza kampuni za simu, zikiongozwa na BT, zimepanga kuufunga mtandao wa zamani wa simu za mezani ifikapo mwisho wa Januari 2027. Makataa ya awali yalikuwa Desemba 2025. Yalisogezwa mbele mwaka wa 2024 hasa kwa ajili ya wazee na wagonjwa wanaoishi peke yao na kutegemea vifaa vya kuitisha msaada vilivyounganishwa kwenye simu. Ilibainika kwamba baadhi ya vifaa hivyo vilishindwa kufanya kazi laini zao zilipohamishiwa kwenye intaneti. Vingi vya vifaa hivyo, sawa na faksi, hupeleka ujumbe kwa milio.

Aidha, mwaka wa 2023 Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini humo, iliiondoa faksi katika orodha ya huduma ambazo kampuni za BT na KCOM zililazimika kisheria kumpa kila mteja aliyezihitaji. Huko Ufaransa, kampuni ya Orange inaendelea kuzifunga nyaya zake za shaba, kazi iliyopangiwa kukamilika mwaka wa 2030.

Hapa Kenya waya wa shaba haukusubiri makataa ya mtu yeyote. Katika miaka ya 2000 nyaya za Telkom Kenya zilikatwa na kuibwa mara kwa mara, jambo lililochangia kampuni hiyo kugeukia simu za mezani zisizotumia waya. Wakenya wengi nao walifika kwenye simu ya mkononi bila kuwahi kumiliki ya mezani. Ukiritimba wa Telkom ulipomalizika mwaka wa 2004, kisha nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa mwaka wa 2009, kupiga simu kupitia intaneti kukawa jambo la kawaida katika kampuni kubwa na baadaye katika zile ndogo.

Nambari ya faksi, hata hivyo, haikufutwa kwenye vichwa vya barua. Nchini Tanzania barua za serikali ziliipa jina la Kiswahili, nukushi, na baadhi ya kamusi zikaleta kipepesi. Hapa kwetu neno faksi ndilo lililoshika, labda kwa sababu lilikuwa tayari limeandikwa kwenye milango ya vibanda vilivyotoza kwa kila ukurasa.

Mashine iliyoitangulia simu

Wengi hudhani kwamba faksi ni mtoto wa simu. Ukweli ni kinyume. Alexander Bain, fundi wa saa kutoka Scotland, alipata hataza ya kifaa cha kunakili maandishi kwa umeme mwaka wa 1843, miaka 33 kabla ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu. Mwaka wa 1865 Mwitaliano Giovanni Caselli aliona mtambo wake ukianza kuhudumia umma kati ya miji ya Paris na Lyon nchini Ufaransa, ukipeleka saini na michoro kupitia waya wa telegrafu.

Mitambo hiyo ya awali haikuwa na sauti. Ilipeleka mapigo ya umeme. Sauti ilikuja baadaye, baada ya nyaya za simu kuenea hadi karibu kila ofisi, na wahandisi wakaona kwamba njia rahisi ya kuipeleka picha ni kuigeuza kuwa mlio ambao simu ingeubeba kama inavyobeba mazungumzo. Viwango vya kimataifa vilifuata: cha mwaka wa 1968 kilihitaji dakika sita kwa ukurasa mmoja, cha mwaka wa 1976 dakika tatu, na kile cha mwaka wa 1980, kiitwacho Kundi la Tatu, kikaishusha kazi hiyo hadi dakika moja hivi. Karibu kila mashine ya faksi iliyo mezani leo ni ya Kundi la Tatu. Ndiyo kusema mashine hizi zilisanifiwa kwa ajili ya mtandao wa simu wa miaka 40 na zaidi iliyopita, na zinautarajia mtandao huo hadi sasa.

Mashine hufanya nini hasa? Huusoma ukurasa mstari kwa mstari, na kila mstari huugawa katika nukta 1,728, kila nukta ikiwa nyeusi au nyeupe. Ukurasa wa kawaida una mistari zaidi ya 1,100, yaani nukta zinazokaribia milioni mbili. Ili zisichukue muda mrefu, nukta hufupishwa: badala ya kutaja nyeupe mara 1,728, mashine hutumia alama fupi inayomaanisha kwamba mstari wote ni mweupe. Alama hizo hugeuzwa kuwa milio inayobadilika upesi mno, na kwa kawaida hubeba biti 9,600 au 14,400 kwa sekunde.

Kabla ya hapo mashine mbili huamkiana. Ile inayopiga hutoa mlio wa mitetemo 1,100 kwa sekunde, na ile inayopokea hujibu kwa mlio wa mitetemo 2,100. Hukubaliana ukubwa wa karatasi na kasi, hupeana mlio wa majaribio, ndipo ukurasa huanza kusafiri. Ukurasa ukiisha, mtumaji huuliza kama umefika. Asipojibiwa ndani ya sekunde tatu hivi, huuliza tena, na akinyamaziwa mara tatu hukata simu. Anayesikiliza kando husikia makelele tu, lakini ni mazungumzo yenye adabu kali kuliko mengi ya wanadamu.

Sikio lililofundishwa kudanganywa

Simu ya intaneti nayo ilisanifiwa kwa lengo moja, nalo ni kuliridhisha sikio la binadamu. Sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na vipimo hivyo hukusanywa katika pakiti ndogo, kila moja ikibeba sehemu ya 20 katika 1,000 ya sekunde. Hivyo basi pakiti 50 huondoka kila sekunde, kila moja ikijitafutia njia yake. Nyingine huchelewa. Chache hupotea kabisa. Upande wa pili kuna hazina ndogo inayozisubiri, kuzipanga na kuzitoa kwa mfuatano.

Pakiti ikipotea katikati ya mazungumzo, mtambo hubuni sauti ya kuliziba pengo, mara nyingi kwa kurudia ile iliyotangulia. Msikilizaji hahisi lolote, kwa kuwa pengo ni fupi kuliko silabi, na ubongo wetu umezoea kuwaelewa watu wanaozungumza sokoni. Mashine ya faksi haina ubongo huo. Kwa kasi ya biti 14,400, pakiti moja ya sauti hubeba biti 288 za barua. Mtambo unapobuni sauti ya kujazia, biti hizo 288 huwa uzushi mtupu, na kwa kuwa alama zimefupishwa, kosa moja huweza kuharibu mstari wote unaofuata.

Tatizo la pili ni ubanaji. Ili kuokoa nafasi kwenye laini, baadhi ya simu za intaneti hutumia mbinu ya kubana sauti kutoka biti 64,000 kwa sekunde hadi 8,000. Mbinu maarufu zaidi ya aina hiyo, iitwayo G.729, ilipitishwa mwaka wa 1996 na hufanya kazi kwa kuiga koo na mdomo wa mtu: haipeleki sauti yenyewe, hupeleka maelezo ya namna koo lingeitoa. Kwa mazungumzo ni werevu wa ajabu. Kwa faksi ni balaa, maana hakuna koo linaloweza kutoa mlio wa faksi, na kinachofika upande wa pili ni kitu kisichosomeka. Mashine inayopita katika njia ya namna hiyo kwa kawaida haivuki hata hatua ya kuamkiana.

Kuna pia mitambo inayozima laini inapodhani kwamba mtu amenyamaza, na mingine inayofuta mwangwi. Zote mbili humsaidia anayezungumza na humsumbua anayepiga mlio.

Jambo la tatu ndilo linalowapotosha wengi, nalo ni saa. Mtandao wa simu wa zamani ulikuwa na saa moja iliyofuatwa na mitambo yote. Kwenye intaneti kila kifaa kina saa yake, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Kifaa cha Nairobi kikienda haraka kidogo kuliko cha London, ile hazina ya pakiti hujaa polepole hadi pakiti moja itupwe. Kikienda polepole, hazina hukauka. Kwenye faksi ya ukurasa mmoja saa hazipati muda wa kuachana. Kwenye faksi ya kurasa 20 hupata. Ndiyo sababu fundi hujaribu kwa ukurasa mmoja, ukafika vizuri, akafunga mkoba wake na kwenda, na mkataba wa kurasa 20 ukakatika mara tu alipofika nyumbani.

Hitilafu isiyopiga kelele

Faksi inayokatika ina nafuu, kwa sababu mtumaji anajua kwamba imekatika. Ya kuogopwa ni ile inayofika ikiwa na upungufu, huku mtumaji akipata karatasi ya kuthibitisha kwamba mambo ni shwari.

Mashine nyingi zina utaratibu wa kusahihisha makosa. Ukurasa hugawanywa vipande, mpokeaji huvikagua, na vilivyoharibika huombwa upya. Kwenye laini ya intaneti yenye pakiti zinazopotea, maombi hayo huwa mengi mno, faksi huchukua muda mrefu, na hatimaye hukatika. Basi huzuka ushauri ambao kila fundi amewahi kuutoa: zima usahihishaji, faksi itapita.

Ni kweli itapita. Lakini usahihishaji ukizimwa, mpokeaji hukubali ukurasa wenye mistari mibovu ilimradi isizidi kiwango alichowekewa, na mashine nyingi hulijaza pengo kwa kurudia mstari uliotangulia. Nukta ya desimali katika barua iliyopigwa chapa ina urefu wa nusu milimita hivi, na kwa ubora wa kawaida wa faksi huchukua mistari miwili tu. Hiyo ikipotea, miligramu 1.5 za dawa husomeka kama 15, na hakuna alama yoyote kwenye karatasi itakayomwonya mfamasia. Mtu anayetuma menyu ya hoteli anaweza kuuzima usahihishaji bila kukosa usingizi. Hospitali au benki isifanye hivyo hata kidogo, na kwa maoni ya mwandishi huyu, fundi anayeuzima bila kumweleza mteja maana yake amemtendea vibaya.

Ushauri wa kupunguza kasi hadi biti 9,600 ni wa busara zaidi. Faksi huchukua muda mrefu kidogo, lakini mlio wa kasi ndogo huvumilia kasoro zaidi. Vilevile ni lazima laini ya faksi itumie sauti isiyobanwa, ile ya biti 64,000 kwa sekunde ambayo mafundi huiita G.711, na vizima-kimya viondolewe. Ofisi ikiwa na intaneti thabiti, na mpokeaji akiwa karibu kimtandao, hatua hizi hutosha kwa kurasa chache. Kwa hati ndefu zinazovuka nchi hazitoshi.

Dawa iitwayo T.38

Mwaka wa 1998 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilipitisha kanuni iitwayo T.38 iliyokusudiwa kwa ajili ya tatizo hili hasa. Wazo lake ni jepesi kulieleza: ikiwa intaneti haiwezi kubeba mlio bila kuuharibu, usiipe mlio. Kifaa kilicho karibu na mashine ya mtumaji husikiliza mlio, huutafsiri kuwa biti zenyewe, na kuzituma biti hizo katika pakiti. Kifaa cha upande wa pili huzigeuza tena kuwa mlio kwa ajili ya mashine inayopokea. Mashine zote mbili hubaki zikiamini kwamba zimeunganishwa kwa waya wa shaba.

Kwa kuwa pakiti sasa zinabeba barua na si sauti, kila pakiti huweza kubeba pia nakala ya zile zilizoitangulia. Moja ikipotea, inayofuata huja na kilichopotea. Ule ugomvi wa saa mbili nao huisha, kwa kuwa mpokeaji hupewa biti za kuchapisha badala ya mlio wa kuufuata kwa mdundo. Kwa namna fulani T.38 inairudisha faksi kwa Caselli na waya wake wa telegrafu.

Mbona basi tatizo halijaisha? Kwa sababu simu ya intaneti mara chache hupita mikononi mwa kampuni moja. Kampuni inayouza huduma Nairobi humkabidhi simu msafirishaji mwingine, naye humkabidhi wa tatu, hadi ifike Toronto au Dubai. T.38 huhitaji kukubaliwa katika mnyororo wote. Kiungo kimoja kisipoikubali, faksi hurudi kuwa mlio na matatizo yote hurudi nayo. Zaidi ya hayo, vifaa vya kampuni mbalimbali huifasiri kanuni hiyo kwa tofauti ndogo ndogo zinazotosha kuikatisha faksi katikati. Tangazo la biashara likisema kwamba huduma inakubali T.38, mnunuzi bado anapaswa kuuliza inaikubali hadi wapi.

Njia nyingine ni kuachana na mashine. Zipo huduma zinazompa mteja nambari ya faksi bila mashine yoyote ofisini. Faksi inayoingia hupokewa na tarakilishi ya kampuni ya huduma, hugeuzwa kuwa faili, na kutumwa kwa barua pepe. Inayotoka husafiri kinyume. Faida yake ni kwamba kazi ngumu hufanyika mahali penye laini nzuri na wataalamu. Hasara ni kwamba hati za siri zimelala kwenye tarakilishi ya mtu mwingine, pengine katika nchi nyingine. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu awajibike hata pale anapomkabidhi mwingine azishughulikie, kwa hivyo zahanati inayotumia huduma kama hiyo haiwezi kujitoa lawamani kwa kusema kwamba haikujua faili ziko wapi.

Nani bado anatuma faksi?

Kwa wengi wetu jibu ni hakuna. Lakini anayewasiliana na hospitali za Marekani au Canada, kwa mfano jamaa anayemfuatilia mgonjwa aliye huko, huenda akashangaa kuombwa nambari ya faksi. Anayefanya biashara na Japan pia. Sekta ya afya ndiyo ngome ya mwisho, na janga la corona la mwaka wa 2020 liliianika hadharani. Madaktari wa Japan walikuwa wakijaza fomu za wagonjwa kwa mkono na kuzituma kwa faksi kwenye vituo vya afya, hadi serikali ilipoanzisha mfumo wa mtandaoni mwezi Mei mwaka huo. Idara za afya za Ujerumani zilipokea ripoti kwa njia hiyo hiyo. Mjini Houston, Marekani, idara ya afya ya umma ilipokea matokeo ya vipimo kwa faksi nyingi kiasi cha karatasi kurundikana sakafuni, na baadhi yalifika siku nyingi baada ya mgonjwa kupimwa, wakati ambapo kuwatafuta aliokutana nao hakukuwa na faida tena.

Kuiondoa si rahisi. Nchini Uingereza uchunguzi wa chuo cha madaktari wa upasuaji mwaka wa 2018 ulipata mashine zaidi ya 8,000 katika hospitali za umma za England. Waziri wa Afya wa wakati huo, Matt Hancock, alipiga marufuku ununuzi wa mashine mpya kuanzia Januari 2019 na kuagiza zilizopo ziondolewe ifikapo Machi 31, 2020. Huko Japan, Taro Kono alipojaribu kuipiga marufuku faksi katika wizara za serikali mwaka wa 2021, maafisa waliwasilisha mamia ya pingamizi na mpango ukalegezwa.

Sababu iliyotolewa mara kwa mara na watetezi wake ni usalama. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani, kwa sababu aliyetaka kuidukua faksi ilimbidi aufikie waya wenyewe. Lakini faksi haifichi chochote kwa msimbo, na ikipita kwenye simu ya intaneti isiyolindwa, mtu aliye njiani anaweza kuirekodi na kuichapisha. Mwaka wa 2018 watafiti wa kampuni ya Check Point walionyesha kwamba baadhi ya mashine za HP zenye printa na faksi pamoja zingeweza kutekwa kwa kutumiwa faksi moja tu, na kupitia kwazo mshambuliaji akaufikia mtandao wa ndani wa ofisi. HP ilitoa marekebisho, lakini somo ni kwamba mashine iliyounganishwa na simu upande mmoja na mtandao wa ofisi upande wa pili ni mlango.

Isitoshe, hatari kubwa zaidi ya faksi haihitaji mdukuzi. Faini ya kwanza kuwahi kutozwa na kamishna wa habari wa Uingereza kwa uzembe wa kulinda data, mnamo Novemba 2010, ilikuwa pauni 100,000 dhidi ya Baraza la Kaunti ya Hertfordshire. Kosa lilikuwa kutuma faksi zenye habari nyeti za watoto kwa watu wasiohusika, mara mbili ndani ya wiki mbili. Barua pepe nayo hukosewa anwani, lakini angalau inaweza kufungwa kwa nywila.

Kwa ofisi ya Kenya

Sababu ya pili ya kushikilia faksi, kwamba ina saini na kwa hivyo inakubalika kisheria, imepungua nguvu hapa nchini. Marekebisho ya sheria ya mawasiliano yaliyoanza kutumika mwaka wa 2009 yalizitambua rekodi na saini za kielektroniki. Sheria ya marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka wa 2020 iliipanua nafasi ya saini hizo katika mikataba, na Julai mwaka huo Mahakama ilianza kupokea kesi kwa njia ya mtandao jijini Nairobi. Wakili aliyekuwa akikimbilia faksi ili kuwahi makataa ya mahakama hana tena sababu hiyo.

Kwa hivyo ofisi inayohamia simu za intaneti, na ambayo haiwasiliani na hospitali za ng'ambo, kampuni za bima za kigeni wala washirika walioshikilia faksi, inaweza kuifuta nambari hiyo kwenye barua zake bila hofu. Kununua adapta na kumlipa fundi kila mwezi ili mashine iendelee kulia ni kutupa fedha. Skana na barua pepe, faili ikifungwa kwa nywila inayotajwa kwa simu, hufanya kazi ile ile kwa ubora mkubwa zaidi.

Ofisi inayoihitaji kweli, kama vile zahanati inayopokea ripoti kutoka nje, isiichomeke mashine kwenye adapta ya simu na kutumaini mema. Ichukue nambari katika huduma ya faksi yenye mkataba unaoeleza faili huhifadhiwa wapi na kwa muda gani, au imtake mwenye kampuni ya simu athibitishe T.38 kwa majaribio, si kwa maneno.

Majaribio yenyewe ni rahisi. Tuma hati ya kurasa 15 yenye maandishi madogo na jedwali la tarakimu kwa mpokeaji aliye kwenye kampuni tofauti ya simu, ikiwezekana nchi tofauti. Itume asubuhi, adhuhuri wakati intaneti ya ofisi ina shughuli nyingi, na jioni. Kisha usiiamini karatasi ya uthibitisho. Mpigie mpokeaji, ahesabu kurasa, na akusomee tarakimu za ukurasa wa mwisho.

Kabla ya yote hayo, ipo hatua isiyogharimu kitu. Karibu kila mashine huweka kumbukumbu ya faksi ilizotuma na kupokea, na inaweza kuichapisha kwa kubonyeza kitufe cha ripoti. Ichapisheni kwa miezi mitatu mfululizo, halafu mtie alama kwenye faksi ambazo mtu fulani ofisini alizihitaji.